Filamu ya binti wa Kobani ifike na Handeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu filamu ya binti wa Kikurdi anayekimbia vita, iliyooneshwa mwezi uliopita hapa Tanga mjini, katika ukumbi wa shule moja, bila kiingilio. Watu walijaa, vijana wengine wakasimama madirishani. Walioileta nawashukuru kwa moyo mkunjufu. Lakini picha ilipokwisha, aliyeongoza mazungumzo alisimama akasema tumshukuru Mungu kwa amani yetu, hayo ni mambo ya Waarabu huko kwao, sisi hayatuhusu. Watu wakapiga makofi, wakatawanyika. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wakurdi si Waarabu. Wana lugha yao, iliyo jirani na Kiajemi, na wengi wao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii kama Waislamu wengi wa mwambao wetu. Wanakadiriwa kuwa milioni 30 au zaidi, na hawana nchi. Wametawanyika Uturuki, Syria, Iraq na Iran. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Mkataba wa Sèvres wa mwaka 1920 uliwapa tumaini la kujitawala. Ule wa Lausanne wa mwaka 1923 haukuwataja kabisa.

Binti wa kwenye filamu anatoka mji wa Kobani, kaskazini mwa Syria, mpakani na Uturuki. Mpaka wenyewe ni njia ya reli. Mimi ni mtoto wa mfanyakazi wa reli, nimekulia kota za reli hapa Tanga, na nilipoiona ile njia nilikaa sawasawa kitini. Waliokuwa wakiijenga ni Wajerumani, wale wale walioanza kujenga reli yetu kutoka Tanga mwaka 1893. Kisha mwaka 1921 Wafaransa, waliokuwa wakiitawala Syria, na Waturuki wakakubaliana kwamba reli hiyo iwe mpaka, na ndugu wa tumbo moja wakajikuta mmoja yuko juu ya reli, yaani upande wa Uturuki, na mwingine chini ya reli, upande wa Syria. Wakurdi wa pande hizo husema hivyo hadi leo.

Septemba 2014, wapiganaji wa kundi linalojiita Dola la Kiislamu walipoukaribia Kobani, watu zaidi ya 130,000 walivuka kuingia Uturuki katika siku chache. Magazeti ya dunia yalipenda sana picha za wasichana wa Kikurdi wenye bunduki. Ni kweli walikuwepo, tena walipigana kishujaa hadi mji ukakombolewa Januari 2015. Huyu wa kwenye filamu hana bunduki. Ana begi la shule, mama mgonjwa, na karatasi moja ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa wao. Ukoo wake ni wa mkoa wa Hasakah, kaskazini mashariki mwa Syria, ambako mwaka 1962 serikali ya Syria ilifanya sensa ya siku moja, na Wakurdi wapatao 120,000 wakavuliwa uraia. Vizazi vikaja na kupita, watoto wakazaliwa bila nchi inayowatambua.

Kuna mahali ofisa wa mpakani anaipokea ile karatasi. Anaisoma, anaigeuza nyuma, hakuna kitu. Anaigeuza tena mbele. Muda wote huo binti hamtazami usoni, anatazama vidole vya ofisa huyo. Nadhani ndipo mahali bora kuliko pote katika filamu ile, na hapana risasi hata moja.

Nimefundisha shule za msingi wilayani Handeni sehemu kubwa ya maisha yangu. Huko ndiko yaliko makazi ya Chogo, walikopelekwa mwaka 2003 wakimbizi kutoka Somalia ambao asili yao ni Wazigua, kabila langu mimi. Wahenga wao walitolewa huku kwetu katika karne ya 19, wakauzwa utumwani pwani ya Somalia. Waliotoroka walijificha katika misitu ya mto Juba, na wazee wao humtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wenye silaha wakawavamia mashambani mwao, wakaua na kupora vyakula. Baadhi yao wakashika njia ya kurudi huku, wakiongea Kizigua ambacho marehemu bibi yangu angewajibu bila shida.

Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Chogo, msichana mrefu aliyewazidi wenzake umri na pia hesabu. Siku ya kujaza fomu yake, penye nafasi ya uraia niliandika kwa penseli, maana hapakuwa na aliyeniambia niandike nini. Alisimama kando yangu, macho yake yakiwa kwenye penseli. Baadaye wengi wa Chogo walipewa uraia wa Tanzania, kama walivyopewa Warundi zaidi ya 160,000 wa wimbi la wakimbizi wa mwaka 1972, na kwa hilo nchi yetu inastahili sifa. Sasa atasemaje mtu, katika mkoa huu huu wa Tanga, kwamba hayatuhusu?

Lawama yangu kwa watengenezaji wa filamu ni moja. Binti anavuka waya, jua linachomoza, muziki unapanda, mwisho. Anayewajua wakimbizi anajua kwamba hapo ndipo kazi inapoanza: foleni ya maji, turubai linalovuja, kungoja jina liitwe, kujifunza kuomba chumvi kwa lugha ya watu wengine. Hata robo saa tu ya hayo ingetosha.

Ninawaomba waliotuletea filamu hii waipeleke Handeni, hadi Chogo. Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza na yalipita haraka mno, akina mama waliokaa mbele yangu walikuwa wakiulizana, "Anasemaje huyu?" Wakinipatia filamu mapema nitayaandika yote kwa Kiswahili na kuyasoma kwa kipaza sauti picha ikiendelea. Sihitaji malipo. Na ikimalizika, kipaza sauti hicho wapewe kwanza wanawake wa Chogo, kabla ya mgeni rasmi.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga