Barua niliyoiacha kwenye kisanduku cha spana

Mwanangu,

Marahaba. Najua hujaniamkia, na barua hii umeikuta chini ya spana namba 13 ukiwa unatafuta kitu kingine, lakini marahaba hata hivyo.

Fomu ya mashindano niliiona mezani. Jina lako liko mahali pa dereva, na langu halipo popote, hata kwenye nafasi ya fundi. Sikununa. Nilienda gereji, nikalifunua gari, nikageuza ndoo nikaikalia, nikaliangalia tu. Kuna mambo mengi nimekuambia nusunusu tukiwa wote wawili mgongo chini na grisi mikononi. Kuna moja sijawahi kukuambia kabisa. Niache nianze na yale mepesi.

Ulipokuwa mdogo ulidhani kila baba huunganisha gari lake mwenyewe. Babu wa magari haya ni Lotus Seven, ambayo Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, aliitoa Uingereza mwaka 1957. Ukiinunua ikiwa vipande ukaiunganisha mwenyewe, uliepuka kodi waliyotozwa wanaonunua gari zima. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza kumpa mteja maelekezo ya kuunganisha, basi akapewa maelekezo ya kufungua, ayasome kuanzia mwisho. Iwe kweli au porojo, mimi ndivyo nilivyolijenga letu: kila nilichokifungua nilikifungua kama mtu atakayeulizwa kesho. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ilichukua haki za gari lile, na tangu hapo wajukuu wake wamezaliwa kwenye karakana nyingi. Letu ni mmoja wa wajukuu hao. Mabomba ya chuma yaliyochomelewa, bati la alumini lililopigwa ribiti, injini mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Hakuna kingine. Hata mlango hakuna.

Sasa uzito. Gari lina kilo 550. Mimi nina 84, wewe 61. Ukiingia wewe badala yangu zimepungua kilo 23, tena zote upande mmoja, kwa sababu kiti cha dereva hakiko katikati. Kwenye gari la kawaida usingejali. Kwenye hili utasikia tofauti kona ya kwanza tu: kona za kulia litakuwa tiifu, za kushoto litakuwa na kiburi, au kinyume chake, nawe utadhani tatizo ni wewe. Siyo wewe. Ni springi nilizozipangia makalio yangu.

Kwa hiyo kabla ya yote, azima ile mizani minne, weka kila tairi juu ya mmoja, sakafu iwe sawa kabisa, kisha ukae ndani ukiwa na helmeti, viatu, mikono kwenye usukani. Mtu mwingine asome namba. Jumla itakuwa kama kilo 611. Jumlisha mbele kushoto na nyuma kulia, kisha jumlisha ile pembe nyingine. Unataka zikaribiane, 305 na 306, ukipata hivyo umelala vizuri. Zisipokaribiana, usishike springi moja ukaizungusha kwa hasira. Hili gari ni meza ya miguu minne: ukirefusha mguu mmoja, hubebi mzigo kwenye mguu huo peke yake, unabeba na ule ulio mkabala nao kwa mshazari, na ile mingine miwili inabaki kama imening'inia. Robo mzunguko, sukuma gari mbele na nyuma lijikalie, soma tena. Itakula mchana mzima. Mimi mara ya kwanza ilinila siku mbili, na mama yako akawa anapita mlangoni bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusema.

Upepo wa tairi anza na paundi 18 zikiwa baridi. Watu watakucheka, watasema umesahau kujaza. Waache, wao wanabeba tani moja na nusu. Tairi zikipata moto presha inapanda, karibu paundi 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo pima mara tu unapoingia, kabla hujavua helmeti, kabla hujaanza kusimulia. Namba ya moto ndiyo inayokuambia ukweli. Ile ya asubuhi ni salamu tu.

Breki. Hapa sitanii. Oili ya breki inafyonza unyevu hewani hata kama gari limelala chini ya turubai bila kuguswa. Oili ya daraja la DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango kinachodaiwa kinashuka hadi 155. Ukifika mwisho wa sehemu iliyonyooka, diski zimeiva, ukakanyaga pedali ikazama kama unakanyaga sifongo, hapo ni mvuke umejaa kwenye mabomba, na mvuke hausukumi kitu. Kanyaga pedali haraka mara mbili tatu, shusha gia, tafuta pa kutokea. Lakini afadhali usifike huko. Badilisha kabla ya msimu, na ununue chupa ndogo. Chupa kubwa iliyobaki nusu rafuni ni uchoyo unaojifanya kubana matumizi. Pedi nazo zikiwa baridi hazishiki, kwa hiyo kwenye ule mzunguko wa kupasha moto, zipashe kweli.

Sindano ya presha ya oili itazame kwenye kona ndefu, siyo kwenye mstari ulionyooka ambako kila kitu ni kizuri. Gari hili linashika kona kiasi kwamba oili yote inakimbilia upande mmoja wa karta, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu ikabaki inafyonza hewa. Zile kuta ndogo nilizozichomelea ndani ya karta zinasaidia, haziponyi. Sindano ikicheza, toa mguu. Injini inaweza kuvumilia hali hiyo sekunde mbili, mfuko wetu hauwezi.

Kuhusu mashindano yenyewe sina mengi. Utaona wenye trela zenye umeme na fundi wawili wa kufuta vioo. Wasalimie. Tembea njia nzima kwa miguu asubuhi, uangalie lami ilipopasuka na maji yanapokaa, maana ukiwa umekaa sentimita chache kutoka ardhini huoni kitu mpaka umekifikia. Na usishindane na yule aliye mbele yako, shindana na karatasi ya muda wako wa mzunguko uliopita. Sisi tunaolipia bampa zetu wenyewe tuna hesabu tofauti kidogo na wale unaowatazama kwenye televisheni.

Haya. Lile jambo.

Unakumbuka siku niliyozunguka kwenye kona ya tatu nikaenda kukwama kwenye rundo la matairi? Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuambia kulikuwa na oili barabarani. Ulinitazama, ukaniuliza, "Mbona hawakupeperusha ile ya mistari ya njano na nyekundu?" Nilijuta kukufundisha bendera mapema. Nikasema labda hawakuiona.

Hakukuwa na oili, mama. Usiku uliotangulia nilikuwa napanga alaimenti ya mbele. Unapomaliza kuzungusha tairodi, ile fimbo inayogeuza tairi, mpaka tairi linatazama unakotaka, kuna nati ya kufungia inayobanwa ili ibaki pale pale. Ya kushoto nilikuwa nimeifikisha kwa vidole, spana ipo mkononi, ndipo ukaingia gereji na kiganja kimefumbwa. Ukakifumbua. Ndani kulikuwa na jino. Lile la mbele, lililokusumbua wiki mbili, lina kidoa cha damu bado. Nikaiweka spana chini, nikanawa mikono, nikaja ndani kuona pengo kwenye mwanga mzuri, tukacheka, ukalala. Niliporudi nikaanza na tairodi ya kulia, nikaibana barabara, nikazima taa.

Nati ikilegea, mtikisiko unaizungusha tairodi kidogokidogo, na kila inapojizungusha tairi linageuza uso. Mizunguko mitano ya kwanza nilihisi usukani umekaa kombo kidogo, nikajiambia ni mimi nimekaa vibaya. Wa sita, nikakanyaga breki, pua ikaenda yenyewe. Baadaye, gari likiwa juu ya jeki, niliishika nati ile kwa vidole viwili ikazunguka kama kifuniko cha soda.

Sikukuambia kwa sababu ungesikia neno moja tu, "jino", ungelibeba. Sasa una umri wa kulisikia lote. Kosa halikuwa la aliyeingia na jino. Ni la aliyerudi akaamini kumbukumbu yake. Wiki ile ndipo ile chupa yako ya rangi ya kucha, ya njano, ilipopotea, ukamlaumu binamu yako. Niliichukua mimi. Tangu siku ile hakuna nati ya usukani, breki au tairi ninayoibana bila kuipitishia mstari wa njano kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoishikilia. Mstari ukivunjika, nati imesogea. Pasipo na mstari, kazi haijafanyika, hata kama nakumbuka kwa kiapo kuwa nimeibana. Na mtu akinisemesha katikati, naifungua yote naanza upya. Mmeniona mkorofi miaka yote hii, mara simu inalia siipokei, mara mtu anaongea nami kama anaongea na ukuta. Ndiyo sababu.

Binamu yako mwombe radhi kwa niaba yangu. Mimi naona aibu.

Nimeshakuachia gari kwenye stendi. Kila kitu nimekikagua na kina mstari, isipokuwa kimoja: nati ya kufungia ya tairodi ya kushoto nimeiacha kwa vidole tu, mstari wa zamani nimeukwangua. Nimefunga kitambaa chekundu kwenye usukani ili mtu yeyote asilisogeze. Panga alaimenti yako kwa uzito wako, kisha ibane wewe. Spana unayo mkononi kama ulikuwa unatafuta namba 13. Ukihitaji kubwa zaidi iko trei ya chini.

Rangi ya kucha iko kwenye kikombe cha plagi kuukuu. Ile ya kwanza ilishaisha zamani, hii ni ya tatu, na siyo njano sana, dukani hawakuwa nayo. Zima simu kwanza.

Baba yako