Pumu idhibitiwe pia chumbani na jikoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu pumu katika nyumba zetu hapa Mwanza. Wengi wetu tukitajiwa pumu tunafikiria inhela tu. Dawa hiyo hufungua njia za hewa zilizobana, lakini mgonjwa akirudi kulala kwenye moshi, zitavimba na kubana tena.

Katika vyumba vya kupanga vya Igogo na Mabatini, jiko la mkaa huwashwa mlangoni, na mvua ikinyesha huingizwa ndani. Usiku dawa ya mbu ya kuchoma hufuka huku dirisha limefungwa. (Mbu lazima tuwazuie, malaria ipo; chandarua hufanya kazi hiyo bila moshi.) Ongeza vinyesi vya mende, ukungu wa ukutani na wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye godoro. Kwa mwenye pumu ya mzio, vyote hivyo huamsha ugonjwa.

Naiomba idara ya afya ya jiji iwatume wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye kaya zenye mgonjwa wa pumu. Waangalie anapolala na panapopikiwa, waelekeze shuka na foronya zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, na sigara isivutwe ndani kabisa. Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kaya hizi zisisubiri mpaka mwaka huo. Zitangulizwe kila inapogawiwa mitungi ya gesi ya ruzuku.

Mkazi wa Igogo,
Mwanza