Aktiki si dubu na barafu tu

Mhariri,

Kila gazeti lako linapoandika habari za Aktiki, yaani eneo la ncha ya kaskazini ya dunia, picha huwa ya dubu mweupe juu ya kipande cha barafu. Mimi ni mkunga mstaafu, na natamani siku moja mtuwekee pale mama na mwanawe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Dk. Éric Dewailly wa Quebec, Kanada, alikuwa akipima sumu kwenye maziwa ya akina mama. Akatafuta maziwa safi ya kulinganishia, akayapata kwa wanawake wa Inuit, wenyeji wa Aktiki, wa Nunavik, kaskazini kabisa mwa Quebec, mbali na viwanda. Kumbe maziwa hayo yalikuwa na kemikali za PCB karibu mara tano ya yale ya wanawake wa kusini! PCB ni zile zilizokuwa zikitiwa kwenye mafuta ya transfoma. Huvukizwa na joto, zikachukuliwa na upepo, zikatua penye baridi. Baharini huanzia kwa vijidudu, zikapanda kwa samaki, kisha sili na nyangumi, na kila mlaji hujilimbikizia sumu nyingi kuliko ile iliyokuwa kwa mnyama aliyeliwa. Zikishaingia kwenye mafuta ya mwili hazitoki upesi. Na Nunavik, ngozi ya nyangumi beluga pamoja na mafuta yake ni chakula cha heshima.

Mama huyo utamwambia nini? Kunyonyesha aendelee, na ndivyo wahudumu wa afya wa huko wanavyomshauri. Mwaka 2011 wenye umri wa kuzaa waliombwa pia wapunguze nyama ya beluga kwa sababu ya zebaki. Ushauri ni sahihi, ila unaniuma: anayejinyima ni mjamzito, si aliyeimwaga sumu.

Mwaka 1999, kwenye mazungumzo ya Nairobi ya kutafuta mkataba wa dunia dhidi ya sumu kama hizi, kiongozi wa Inuit Sheila Watt-Cloutier alimkabidhi mkuu wa UNEP (shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa) wa wakati huo, Klaus Töpfer, sanamu ya kuchongwa ya mama na mtoto. Baadaye ikawa inawekwa mezani kwa mwenyekiti wa mazungumzo. Mkataba huo, uitwao Mkataba wa Stockholm, ulipitishwa 2001, na PCB katika damu za watu wa Aktiki zimeshuka. Kwa hiyo inawezekana.

Ombi langu, Mhariri: mikutano ya mkataba huo ikifanyika, tumeni mwandishi. Atuambie ni kemikali zipi zimepigwa marufuku, na ni nchi zipi zimeomba ziendelee kuzitumia.

Mkunga mstaafu