Kabla ya Kuchimba Msingi Nakuru, Ardhi Ikaguliwe

Kazi yetu ni kukagua ardhi ili kuona kama ina mabaki ya watu wa kale kabla ya ujenzi kuanza. Wateja wengi hutujia wakiwa wameshamlipa mchoraji na kuwasilisha maombi ya kibali cha ujenzi kwa serikali ya kaunti. Tungependa waje mapema zaidi, wakati nyumba ingali wazo, kwa sababu mchoro ambao haujakamilika hubadilishwa kwa urahisi, ilhali msingi uliokwisha kumwagwa zege haubadiliki.

Ardhi ya Nakuru ina historia ndefu. Katika kilima cha Hyrax Hill, ambako mwanaakiolojia Mary Leakey alichimba mwaka wa 1937 na 1938, yalipatikana makaburi ya kale, vigae vya vyungu na mashimo ya mviringo ambayo wataalamu huyahusisha na mazizi ya ng'ombe ya Wasirikwa, jamii ya wafugaji wa kale. Shimo la aina hiyo, likishajaa udongo na kuota nyasi, huonekana kama kibonde kidogo tu, na mwenye ploti hulifukia kwa murram asijue alichokifunika. Jambo hilo hutusikitisha kuliko lolote. Vivyo hivyo, vile vipande vyeusi vinavyometa shambani, ambavyo wengi hudhani ni chupa zilizovunjika, mara nyingi ni obsidiani, jiwe la volkano ambalo watu wa kale walilichonga kuwa visu na vikwaruzo.

Sisi huanza kwa kupitia kumbukumbu za uchunguzi uliokwisha kufanywa jirani, kisha huwauliza wazee wa eneo hilo, na hatimaye hutembea ardhi nzima kwa mistari iliyokaribiana, tukipiga picha na kuandika mahali hasa kila kitu kilipo. Hatuokoti kitu. Kuchimba ili kutafuta mabaki hakuruhusiwi bila leseni chini ya Sheria ya Makavazi ya Taifa na Urithi ya mwaka wa 2006, na sheria hiyo hiyo humtaka anayegundua kitu cha kale ayaarifu Makavazi ya Taifa ya Kenya katika muda wa siku 7.

Kupata vigae vichache hakumaanishi kwamba hutajenga. Mara nyingi pendekezo letu huwa ni kusogeza tangi la maji taka au kupitisha ukuta mahali pengine.

Njoo na nakala ya hatimiliki, ramani ya upimaji na mchoro wa awali, hata ukiwa wa penseli. Ikiwezekana, njoo kabla ya mvua ya masika, kwa maana nyasi zikishapanda hatuuoni udongo.