Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Palizi, ugawaji wa vipandikizi na ukarabati wa kichanja vilifanyika kama mnavyofahamu, hivyo sitavirudia.

Nalazimika kulieleza suala ambalo limesemwa zaidi pembeni kuliko kikaoni, yaani katazo langu la kukata mashada ya maua ya Strongylodon macrobotrys, mmea wetu utambaao, kwa ajili ya maonyesho, na mbegu kupandwa nyumbani kwangu. Jenasi hii ya jamii ya mikunde, iliyotawanyika kuanzia Madagaska hadi Hawaii, haina hata spishi 20, na hii yetu ya rangi ya feruzi, iliyopewa jina na Asa Gray mwaka 1854, asili yake ni misitu ya Ufilipino pekee. Huko popo hujining'iniza kwenye shada wakinywa mbochi na kuhamisha chavua. Hapa kwetu kazi hiyo niliifanya mimi. Kwa asubuhi 11 nilipanda ngazi peke yangu, nikabonyeza kila ua, lililojipinda kama ukucha, hadi stigma, yaani sehemu ya ua inayopokea chavua, ikachomoza, nikaisugua kidogo na kuipaka chavua kwa brashi. Kati ya maua 112 tulipata maganda 2, na moja likaanguka likiwa changa. Waliofika wakati huo wakakuta maua yaliyodondoka yamekauka na kugeuka zambarau, wakatangaza kwamba mwenyekiti ameua mmea. Mmea, kwa taarifa yao, ni mzima.

Mbegu zake hazihifadhiki. Zikicheleweshwa hupoteza uhai upesi. Ndiyo sababu niliitisha mkutano wa dharura ili tuamue zipandwe wapi, na mkaja 6 ilhali akidi ni 15. Sasa anayeniita mchoyo aniambie alikuwa wapi siku ile. Miche 3 imeota, na mwanachama yeyote anakaribishwa kuja kuiona, mradi abishe hodi.

Kuhusu ada, wanachama ni 47, waliolipa ni 19, wenye deni la zaidi ya mwaka ni 16, na mhazini anaweza kuthibitisha kwamba wenye sauti kubwa katika suala la mbegu hawamo miongoni mwa hao 19.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda na ada zikipatikana, kutafuta pia spishi ya Madagaska, na pengine kupata ngazi nyingine, kwa kuwa iliyopo ni yangu.

Mwenyekiti