Nani anakagua risasi za nyavu?

Mhariri,

Samaki wakiadimika mwaloni, magazeti yetu, lako likiwemo, huandika kuhusu kokoro, zile nyavu za kukokota, na magugu maji. Sawa. Lakini mimi nimeshona nyavu hapa Igombe zaidi ya miaka 20, na nina jambo la kukiri.

Risasi za kuzamishia wavu tulikuwa tukizitengeneza wenyewe. Unanunua betri chakavu gereji, unaipasua kwa shoka, maji yake makali unayamwaga pale pale mchangani. Vibao vya ndani, ambavyo ni madini ya risasi, unaviyeyusha kwenye sufuria mbovu. Unga wa kijivu unaobaki, mvua ya kwanza inausomba ziwani. Sikuwahi kuona samaki aliyeelea kwa ajili hiyo, nikajua hakuna neno.

Aliyenivuruga ni mjukuu wangu wa kidato cha sita. Aliteka maji ya ziwa kwa glasi akaniuliza, "Babu, huu ukijani ni nini?" Nikasema uchafu. Akacheka. Kumbe ni vijimea vidogo mno, ndivyo anavyokula sato, ndivyo wanavyokula vijidudu wanaoliwa na dagaa. Vinahitaji chuma, zinki na hata shaba, ila chembe tu. Shaba ikizidi, vinashindwa kutumia jua kujipatia chakula. Hapo sikuhitaji mwalimu: nimeishi Bukoba, naujua mrututu, ile dawa ya kunyunyizia kahawa. Ni shaba ile, na ukiutia bwawani ukijani unakufa.

Risasi na zebaki hazina kazi yoyote kwenye kijimea, wala haziozi. Zebaki ya wachenjuaji wa dhahabu upande wa Geita ndiyo ya kutisha zaidi, maana inaingia kwenye vijimea, inafika kwa dagaa, kisha kwa sangara, na kila anayemla mwenzake anabeba nyingi zaidi.

Utasema mbona ziwa linazidi kuwa kijani. Mbolea na maji ya vyoo vinalirutubisha, kweli, lakini vijimea si vya aina moja. Sumu huua vilivyo dhaifu, vinabaki sugu, na si kila kilichobaki kinalika.

Viongozi wa mialo wanapima macho ya nyavu kwa rula. Risasi hawaziulizi. Tuma mwandishi wako afuate Mto Mirongo kuanzia kwenye magereji mpaka unapoingia ziwani, aangalie betri zinapasuliwa wapi.

Mimi nimeacha. Ila ile sufuria bado iko nyuma ya nyumba, na ukoko wake chini. Niipeleke wapi? Nauliza kweli.

Mshona nyavu,
Igombe, Mwanza