Kamera za kina mzee msiziuze kwa kilo

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na watu wa Nairobi walio na zile kamera za zamani za Mrusi kwa nyumba. Nasema Zorki, FED na Kiev, ambazo mzee alirudi nazo kutoka masomoni ng'ambo miaka ya 60 ama 70, akapigia picha za harusi na za watoto, kisha zikakwama, zikawekwa juu ya kabati ndani ya kava ya ngozi na hakuna aliyezigusa tena. Ombi langu ni moja tu, msiziuze kwa kilo. Zinatengenezeka, na zinatengenezeka hapa hapa mjini.

Naandika juu nimechoka kuzikuta kwa skrepa. Mzee akishazikwa familia inasafisha nyumba, sufuria kuukuu, redio, pasi ya makaa na kamera vinaingia gunia moja, jamaa wa mkokoteni anapima, analipa, anaenda zake. Juzi nimekuta Zorki 4 pale Gikomba imeshapasuliwa kwa nyundo ili itolewe aluminiamu, na lenzi yake ya Jupiter 8 iko chini kwa vumbi, kioo cha mbele kimevunjika. Hiyo lenzi ni ya f/2, yaani inapitisha mwanga mwingi, iliundwa kwa kufuata Sonnar, lenzi ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, na kuna vijana hapa hapa Nairobi wanaitafuta usiku na mchana ili waivalishe kamera zao za dijitali kwa adapta, maana inafungwa kwa skrubu ya milimita 39, ile ile ya Leica, kamera za zamani za Mjerumani. Aliyeiuza alipewa pesa ya soda. Iliniuma sana.

Shida ni kwamba watu wakibonyeza na isifyatuke wanasema imekufa. Mara nyingi haijafa hata kidogo, ni grisi ya kiwandani imeganda baada ya miaka hamsini ama sitini. Ndani ya Zorki 4 hakuna betri wala saketi, ukitoa waya wa flashi hakuna kitu cha umeme kabisa. Ni gia, springi na mapazia mawili ya kitambaa chenye raba yanayokimbia mbele ya filamu, na nafasi iliyo katikati ya hayo mapazia ndiyo inaamua mwanga kiasi gani uingie. Fundi aliyezoea saa za kutia ufunguo ama cherehani akiifungua haimpi shida kuielewa, na mafundi kama hao bado wako River Road na mitaa ya karibu, wazee wenye miwani ya kukuza na vibisibisi vyembamba, ila kila mwaka wanapungua.

Nataka pia watu wajue hivi vitu vilitoka wapi, juu hata mwenye nayo nyumbani mara nyingi hajui. Tunaziita zote za Mrusi lakini FED na Kiev ni za Ukraine. FED ilianza kutengenezwa 1934 Kharkiv, kwenye komuni ya vijana iliyofunguliwa 1927 na kuongozwa na mwalimu Anton Makarenko, na wale vijana walikuwa chokoraa, watoto waliobaki bila wazazi kwa sababu ya vita na njaa. Walitengeneza kwanza drili za umeme, halafu wakachukua Leica II ya Mjerumani iliyotoka 1932, wakaifungua kipande kwa kipande na kutengeneza ya kwao. Jina lenyewe ni herufi za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa polisi wa siri wa Sovieti ambaye komuni ilipewa jina lake. Huyo simsifu. Hao vijana ndio nawasifu, juu kazi ya kamera ni kazi ya sehemu ndogo ndogo sana za milimita na ilifanywa na watoto ambao jana yake walikuwa wanalala nje. Tunao vijana wa aina hiyo hapa Nairobi, wenye mikono mizuri, na hakuna anayewapa bisibisi.

Vita vilipofika Kharkiv 1941 kiwanda kilihamishwa, na baada ya vita kazi ikaanza pia Krasnogorsk karibu na Moscow, huko ndiko Zorki ilitoka kuanzia 1948. Zorki 4, ambayo ndiyo nyingi zaidi kwa nyumba za watu hapa, ilitengenezwa kuanzia 1956 hadi 1973 na zilitoka zaidi ya milioni moja na nusu. Kiev yeye ni ukoo mwingine kabisa. Sovieti walichukua mashine na spea za kamera za Contax kutoka Ujerumani kama fidia ya vita, wakazipeleka kiwanda cha Arsenal mjini Kyiv, na Kiev za kwanza za 1947 zilikuwa na sehemu za Mjerumani ndani yake. Shata yake, yaani kile kinachofungua na kufunga mwanga mbele ya filamu, ni ya vipande vya chuma vinavyoteremka kutoka juu kwenda chini, vimeshikwa kwa riboni za hariri, na hiyo nakubali si ya kuchezewa na kila mtu, fundi asiyeijua aiache.

Zilifikaje Nairobi? Kila mtu anajua habari za ndege za Tom Mboya za kwenda Marekani kuanzia 1959, zinaandikwa kila mwaka, lakini waliokwenda upande wa mashariki hawaongelewi sana, wale ambao Jaramogi Oginga Odinga aliwasaidia kupata nafasi, wengine wakaenda Chuo Kikuu cha Urafiki cha Moscow kilichofunguliwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Hao ndio wazee wa kamera hizi. Walirudi wakiwa madaktari na mainjinia, na ndani ya sanduku kulikuwa na Zorki. Nimekuta kamera kama hizo kwa nyumba za Makadara, za Jericho, na kwa mtu ambaye baba yake alikuwa Kisumu ile hospitali watu wanaiita Russia hadi leo. Kwa hivyo ukiuza hiyo kamera kwa kilo unauza kumbukumbu ya huyo mzee, na mara nyingi ndiyo ushahidi pekee wa hiyo safari uliobaki kwa familia, juu barua zilishaliwa na mchwa zamani.

Sasa wacha niseme jinsi moja ilivyorudi, ndio watu wasidhani ni maneno tu. Kuna mama wa Makadara alinipa Zorki 4 ya marehemu mume wake. Namba ya mwili ilianza na 64, na kwa Zorki 4 nyingi tarakimu mbili za kwanza ndizo mwaka, kwa hivyo ni ya 1964. Ilikuwa imepitia duka moja hapo mjini ambapo mtu aliipulizia mafuta ya kulegeza nati, na hicho ni kitu naomba mafundi waache kabisa, hayo mafuta yanatembea hadi kwa kitambaa cha pazia, raba inaanza kunata, mengine yanapanda hadi kwa vioo. Nilifungua juu, nikatoa uchafu wote kwa mafuta ya laita na brashi ndogo, nikaacha ikauke, nikaweka tone dogo la mafuta ya saa kwa ncha ya sindano pale tu penye msuguano. Halafu nikatoa lenzi, nikazima taa zote, nikaelekeza mdomo wa kamera kwa balbu moja na kuchungulia kwa nyuma. Pazia la kwanza lilikuwa na nukta za mwanga kama nyota, ni vijitundu, kila kimoja kingetoa doa kwa picha. Vijitundu vikiwa vichache unaviziba kwa rangi nyeusi ya kitambaa, nyepesi sana, unapaka safu moja, unangoja, unapaka nyingine, juu ukiweka nzito pazia linakakamaa halikunjiki. Hili lilikuwa limechoka sana kwa hivyo nililibadilisha lote. Hapo kazi ni ya subira, kitambaa kipya kinakatwa sawasawa na cha zamani, kinagundishwa kikiwa kimenyooka kabisa, na kabla hujalegeza springi za roli unahesabu zimezungushwa mara ngapi na unaandika kwa karatasi, la sivyo spidi zitapotea na utakaa hapo wiki nzima ukikisia. Kitambaa chenyewe nililazimika kuagiza kutoka nje. Hiyo ndiyo spea pekee niliyokosa hapa, vingine vyote nilipata ama kuchonga Kamukunji.

Mwisho ni renjifainda, ile sehemu ya kupima umbali. Ukichungulia unaona kidirisha cha manjano katikati na picha mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi hadi picha mbili ziwe moja, hapo fokasi imekubali. Kamera ikikaa sana ama ikianguka zinaachana. Mimi huweka lenzi kwa alama ya mbali kabisa, napanda juu ya ghorofa huku Eastlands na kulenga KICC, na kama naona KICC mbili natoa kiskrubu kidogo kilicho mbele kati ya madirisha, naingiza bisibisi nyembamba ndani, nasogeza kidogo kidogo hadi minara miwili iwe mmoja. Haichukui muda, na kazi kama hii kijana yeyote wa kutengeneza simu pale Luthuli anaiweza leo leo, maana mikono tayari anayo na bisibisi tayari anazo. Huyo mama alipopewa kamera yake alibonyeza mara nyingi tu asikie sauti.

Walio nazo na zinafanya kazi, tafadhali, spidi ya Zorki ibadilisheni baada ya kukoki, yaani baada ya kuzungusha kitufe cha kuvuta filamu, si kabla. Kamera ikiwa haijakokiwa kile kitufe cha spidi hakiko mahali pake, ukilazimisha unaweza kuvunja kitu ndani, na nyingi ninazoletewa zimevunjwa hivyo. Na msiziweke ndani ya kava ya ngozi, ngozi inashika unyevu, ikifika mvua za Aprili lenzi inaota kuvu nyeupe kama utando wa buibui, na kuvu ikikaa inakula hadi ile rangi iliyopakwa juu ya kioo. Wekeni kwa rafu penye hewa na mwanga kidogo.

Kuna jambo lingine linanikasirisha na ni lazima niliseme. Sasa hivi kuna watu wanauza mtandaoni hapa Kenya Leica za vita, za rangi ya dhahabu, zimechorwa tai wa Wanazi, ati ni za jeshi la Hitler, na wanaitisha pesa nyingi sana. Karibu zote ni FED na Zorki zilizokwanguliwa na kuandikwa jina jipya, na zilimwagika sana sokoni baada ya Muungano wa Sovieti kuvunjika 1991. Kuitambua si ngumu. Toa lenzi, angalia ndani sehemu ya juu kuna mkono mdogo unaogusana na lenzi. Kwa Leica ya kweli mwisho wa huo mkono ni kigurudumu cha duara, kwa FED na Zorki ni kipande chenye umbo la tone la maji. Muuzaji akikataa utoe lenzi uangalie, rudisha pesa yako mfukoni. Na mwenye kamera naye asikubali fundi amchoree ya baba yake iwe dhahabu ndio iuzike, hiyo ni kuiharibu, Zorki safi yenye maandishi yake ya asili ni kitu cha heshima kabisa peke yake.

Najua kuna mtu atauliza filamu itatoka wapi. Ni kweli ni ghali na ni ya kutafuta, na studio nyingi zilizokuwa zinaosha picha zilifunga mashine zao. Lakini nyeusi na nyeupe mtu anaweza kuosha mwenyewe kwa nyumba, ukiwa na tangi, dawa na chumba chenye giza kabisa cha kuingizia filamu kwa tangi, na picha 36 ukizipanga vizuri zinakaa mwezi. Hata usipopiga, tengeneza ifyatuke, uiweke.

Jambo la mwisho na hili ni la haraka kwa yeyote anayepanga kusafisha nyumba ya mzee mwezi huu. Kabla ya kufungua kamera, zungusha taratibu kile kitufe cha kurudisha filamu kilicho kushoto, upande kinakoelekezwa na mshale. Kikikaza, kuna filamu ndani. Usiguse zile funguo mbili za chini, ukizigeuza mgongo wote unatoka na mwanga unaingia. Ipeleke kwa mtu anayejua kuitoa gizani. Filamu ya rangi huharibika mapema lakini nyeusi na nyeupe iliyokaa mahali pakavu mara nyingi hutoa picha hata baada ya miaka mingi sana, kwa hivyo msimkubali mtu wa duka aifungue hapo kaunta ati anaangalia tu.

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi